Chumba changu kinanuka papa

Mara ya kwanza jirani yangu wa juu aliposhuka kuniuliza kama ninapika papa, nilicheka. Mara ya pili nilimfunulia sufuria ajionee mwenyewe: maharage ya nazi, basi. Mara ya tatu ilikuwa wiki hiyohiyo, mwezi wa Mei, mvua ya masika haijapumzika tangu alfajiri, na mimi sikuwa tena na hamu ya kufunua sufuria. Nilimwambia, "Kaka, ingia unuse ukuta."

Akanusa kweli. Mtu mzima, katoka Nairobi na kompyuta yake kuja kukaa Lamu miezi mitatu, kainama pua ukutani jikoni kwangu. Alipoinuka alikuwa na unga mweupe kwenye masharubu. "Inatoka humu," akasema, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemtia papa ukutani.

Nilimweleza kwa kifupi, kwa sababu alikuwa na mkutano wa intaneti na jicho lake lilikuwa kwenye saa. Ninyi nawaeleza kwa kirefu.

Naishi ndani ya ghala tangu Septemba iliyopita. Jengo linatazama bahari, upande wa Langoni. Kama umewahi kushuka gatini ukashika mkono wa kushoto, huenda umelipita bila kuliangalia, maana kwa nje halina makuu: ukuta mrefu mweupe, milango miwili mipana, na vidirisha vilivyowekwa juu sana, vya kupitisha upepo, si macho. Mwenyewe amelikata fleti sita, tatu chini na tatu juu. Za juu zina roshani na bahari nzima, na kodi yake inajua hivyo. Mimi niko chini, katikati. Mshahara wa mwalimu unaishia chini.

Pembeni mwa mlango kuna kibao kilichochongwa kwa ufundi, kinamwambia mgeni kwamba hapa palikuwa ghala la boriti. Kibao hicho ndicho kilichonifanya nitie sahihi mkataba bila kuuliza habari za maji wala za choo. Babu yangu, mzaa baba, alikuwa karani wa boriti pwani hii. Nilijiona nakwenda kulala alikofanya kazi.

Kwa asiyejua: boriti ni mti wa mkoko, mnyoofu, mzito, ambao mchwa hauuli kwa urahisi. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii ya Lamu, na kwa karne nyingi miti yake ilikuwa ikisafiri. Majahazi yakishuka na kaskazi kuanzia Desemba, kutoka Hadhramaut, Omani na Ghuba, nchi ambako mti wa kuezekea ni wa kununua. Yakikaa hapa yakingoja upepo ugeuke uwe kusi, kisha yakipanda kurudi kwao yameshiba boriti. Nyumba za Kuwait na Basra za enzi zile, ukiinua macho darini unaona msitu wa kwetu.

Babu ndiye aliyekuwa akizihesabu. Boriti huhesabiwa kwa korija, yaani miti 20, na hupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Sisi wajukuu tuliyajua majina hayo kwa mfuatano kabla hatujazijua siku za juma. Babu alifariki kabla ya 1982, mwaka ambao serikali ilipiga marufuku kupeleka boriti nje ya nchi, na shangazi yangu husema Mungu alimstahi.

Chumba changu chenyewe kimepimwa kwa boriti. Dari zetu za kale zimelazwa miti hiyo kutoka ukuta hadi ukuta, na mti ukizidi urefu haubebi, kwa hiyo vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu. Changu kina upana wa mita mbili na nusu na ushee, na urefu wa kupotelea. Mimi nafundisha watoto haya mambo darasani, lakini nilikuwa sijayafikiria kwa mtazamo wa kochi. Nilinunua kochi Mombasa. Likaja kwa lori mpaka Mokowe, likavuka kwa mashua, likabebwa na mahamali wawili kutoka gatini, likaingia mlangoni bila taabu kwa sababu mlango ulijengewa mizigo, na safari ikaishia hapo. Ulaze huku, hupiti. Ulaze kule, hupiti. Sasa liko kwa dada yangu Mokowe. Mimi nakaa kwenye mkeka na mito, na wageni wangu wote wanasema ndivyo inavyopendeza, kana kwamba nilikusudia.

Shangazi alikuja Januari, baada ya kumwalika mara tatu. Amevuka miaka 80. Alikuja kwa miguu, bakora mkono mmoja na kitukuu mkono wa pili, akapita usitani akisalimiana na kila baraza, hivyo mwendo wa dakika kumi ukamchukua saa nzima. Alipofika mlangoni alimwambia mtoto amsomee kibao. Mtoto akasoma. Shangazi akacheka hadi akashika ukuta.

"Boriti ndani! Nani alowahi kutia boriti ndani? Boriti zikilala nde, pwani, hapo penye mai. Mvua yazinyea, jua lazipiga, hazina neno. Humu tini mukitiwa papa."

Akaingia kwa mguu wa kulia, akasoma alichosoma kimoyomoyo, akaanza kunigawia nyumba yangu upya kwa ncha ya bakora. Jikoni: papa, mitumba kwa mitumba hadi darini. (Mtumba wa shangazi ni furushi la bidhaa. Kitukuu kilidhani nguo.) Kwenye ujia: mizani. Bafuni: chumvi. Penye kitanda changu kulikuwa na makanda ya tende, na kwa hilo nilimshukuru Mungu. Ukiyafikiria majahazi, inaingia akilini. Hayakushuka matupu. Yalileta tende, papa mkavu na chumvi kutoka kaskazini, na mali hiyo ndiyo iliyohitaji kufungiwa isinyeshewe wala isiibiwe. Boriti mtu ataiiba vipi, na kila mmoja pwani yuwaijua ni ya nani?

Nikamuuliza amejuaje, ikiwa babu kazi yake ilikuwa nje. Akasema yeye ndiye aliyekuwa akimletea babu chakula cha mchana, msichana wa miaka saba, minane, na sahani imefunikwa kawa. Hakuwahi kuingia. Alisimama hapo mlangoni akaangalia ndani wakati babu anakula, na babu naye hakuingia, kwa sababu meza ya karani ilikuwa kizingitini, nusu kivulini nusu juani. Juu wakikaa wenye mali na watu wao. "Ngazi ile," akaielekeza bakora, "siyaipanda hata siku moja."

Nilimuuliza na la pili: kabla ya babu na mahamali wa zama zake, nani wakibeba? Shangazi akaomba maji ya kunywa. Nikampa. Mimi ni mwalimu wa historia, jibu ninalo: utumwa haukufutwa kisheria katika pwani hii ya Kenya hadi 1907, na ghala hili ni la kabla ya hapo. Niliuliza kwa sababu nilitaka kusikia ikisemwa ndani ya kuta zenyewe. Haikusemwa. Tukaendelea na habari za harusi.

Siku ya pili nilimpigia mwenye nyumba kumwambia kibao chake kimekosea. Ni mtu muungwana, nisimseme vibaya. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniuliza, "Sasa mwalimu, nani atatoa pesa aje alale ghala la papa?" Sikuwa na jibu, ila kwamba mimi natoa.

Akanitumia picha kwenye simu. Ni jengo la matofali kando ya mto Thames huko London, Butler's Wharf, ghala kubwa lililomalizwa 1873, likafungwa 1972, na miaka ya 1980 likaanza kugeuzwa fleti za matajiri. Msanifu wa mwenye nyumba, kijana aliyesoma Uingereza, ndiye aliyempa picha hiyo wakati wa kupanga michoro, na akamwambia kwamba watu wa kwanza kuhamia kule walikuta kuta bado zinanukia mdalasini na karafuu, kwa sababu ghala lilikuwa la viungo na chai. Mwenye nyumba aliipenda hadithi hiyo. Alinisimulia kwa furaha, hajui kwamba amechimba shimo, maana bado masika hayajafika.

Aprili kuta zikaanza kumenyuka. Kwanza rangi, vipande kama ganda la kitunguu, halafu plasta yenyewe, kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Kila asubuhi nilifagia unga. Nilidhani ni mwiko wa fundi mvivu. Mwenye nyumba, nampa haki yake, hakungoja nimkumbushe mara mbili. Akamleta fundi wa kwetu, mzee mmoja wa chokaa, ambaye hakuja na chombo chochote siku ya kwanza. Alikuja na kidole. Akakipitisha ukutani, akakitia mdomoni, akatema.

"Chumvi," akasema. "Na hii hapa ni saruji."

Mafundi wa kwanza, waliotoka nje ya Lamu, walikuwa wamepiga saruji mita nzima ya chini ili ukuta uonekane imara. Mzee alinieleza huku akigonga kwa kifundo, na mimi nikamfuata kama mwanafunzi. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe, na tumbawe lina vinyweleo, lina kiu. Linanyonya maji kutoka chini, na pwani yetu maji ya chini yana bahari ndani yake. Kumbukeni kwamba safu hii nzima ya nyumba za mbele imejengwa mahali palipojazwa. Ngome, iliyomalizwa mwaka 1821, ilikuwa karibu na maji, na leo imejificha nyuma ya majengo. Basi ukuta unakunywa, na ukipakwa chokaa unatoa jasho, unakauka, maisha yanaendelea. Ukipakwa saruji jasho halina pa kutokea. Maji yanapanda juu zaidi yakitafuta mlango, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma hadi ianguke. Na yakipanda sana yanafika kwenye ncha za boriti zilizozikwa ukutani, na hapo sasa si habari ya unga wa kufagia.

Akatazama juu. Akauliza tangi la maji la fleti za juu limewekwa wapi. Nikamwonyesha. Lilikuwa juu ya jiko langu, la lita 1000, yaani tani nzima imekaa mahali pamoja juu ya miti sita. Mzee hakusema neno. Alimpigia simu mwenye nyumba palepale, akazungumza naye kwa adabu nyingi sana, na jioni ile tangi likamwagwa. Siku ya pili likahamishiwa juu ya ukuta mnene wa kona. Hadi leo nikilala huwa nazihesabu zile boriti sita.

Saruji ikabanduliwa yote, ukuta ukabaki uchi, mawe nje. Mzee akasema usiguswe. Uachwe utoe jasho lake la miaka, majuma mangapi hajui, ukiwa tayari atakuja na chokaa aliyoiloweka. Na kwa sababu masika yakawa yameingia, kila kilichokuwamo ndani ya mawe kikalainika na kutoka.

Kilichotoka ni papa.

Harufu yenyewe si ya samaki aliyeoza, msinielewe vibaya. Papa mkavu hanuki uozo, ananuka ukali, kitu cha kati ya siki na ngozi na bahari ya zamani. Huja usiku mvua ikikaza, hukata asubuhi jua likitoka. Siku za kwanza nilifungua madirisha. Kisha nikakumbuka vidirisha vile vya juu, ambavyo msanifu alivitilia vioo ili vipendeze. Nikamwomba fundi avitoe vioo, na upepo ukapita kama ulivyopangiwa na waliojenga, kutoka baharini, juu ya vichwa vyetu, hadi uani. Harufu ikapungua nusu. Mzee wa chokaa anasema chumvi ya ukuta huu ina baba wawili: bahari, na mitumba ya papa iliyoegemezwa hapa mwaka baada ya mwaka na chumvi yake ikichuruzika.

Mwenye nyumba aliposikia alishika kichwa. Wageni wa Julai walikuwa wameshalipa arubuni. Akaja na wazo la kupaka rangi ya plastiki, tabaka tatu, harufu ifungiwe ndani. Nikamwambia itakuwa saruji ileile iliyovaa kanzu. Akasema nyumba ni yake. Ni kweli, ni yake. Pia ni kweli kwamba mji mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na kuna taratibu za nini kipakwe na nini kisipakwe. Lakini sikwenda kumshitaki popote. Mji wetu ni mdogo. Mtu unayemshitaki Jumatatu, Jumatano mnashikana mikono mazikoni. Nilimwalika chai. Nikamwita na mzee wa chokaa. Tulikaa kwenye mkeka, kwa kuwa kochi halipo, na mzee akatumia karibu saa nzima kutueleza habari ya nyumba moja ya Mkomani aliyoifanyia kazi zamani, iliyofungiwa maji ukutani hadi dari ikashuka usiku. Hakumwambia mwenye nyumba afanye nini. Chai ilipokwisha tulikuwa tumeafikiana: ukuta uachwe hadi masika yaishe, kodi yangu ipunguzwe miezi miwili, wageni wa Julai wapewe fleti za juu.

Kuna wenzangu shuleni wanaoniuliza mbona nisihame. Wengine wanasema majengo kama haya yanageuzwa ya wageni, na mimi nakula sahani moja na wanaotutoa mjini. Wana hoja. Katika fleti sita, Mwamu, yaani mwenyeji wa Lamu, ni mimi peke yangu. Lakini niliiona hii nyumba ilivyokuwa kabla: paa limeingia ndani upande mmoja, mti umeota juu ya ukuta na mizizi yake imepasua mawe, popo hadi mlangoni. Miaka mingine miwili ingekuwa kifusi, na kifusi hakimpangishi Mwamu wala mgeni. Kwangu mimi ugomvi ni wa kibao tu. Niambie nalala kwenye tende na napika kwenye papa, nitalipa kodi ileile.

Masika yalipolegea, mwezi wa Juni, nilimwambia shangazi kwamba jirani amenisingizia papa mara tatu na mimi sijampika hata mara moja. Akasema hilo si jambo la kuacha lipite. Akaja asubuhi mapema na papa mkavu kwenye gazeti, ameshalowekwa usiku kucha na kubadilishwa maji mara mbili kwake. Akakaa jikoni kwangu kwenye kibao cha mbuzi, mgongo kwenye ukuta ulio uchi, akakuna nazi. Papa akachemshwa, akachambuliwa, akatiwa kitunguu, bizari, pilipili na ndimu, tui jepesi kwanza halafu zito. Nyumba ikanuka papa ndani na nje, na nadhani hadi gatini. Mara hii hapakuwa na ubishi.

Tukapakua sahani ya jirani. Nilikuwa natafuta kawa niifunike nimpelekee, shangazi akanipokonya mkononi.

"Hii naipeka miye."

Ngazi ni ya mawe, vidato virefu, imebana. Mimi nilimfuata nyuma nimekunjua mikono kama mdaka embe. Alipanda sahani mkono mmoja, ukuta mkono wa pili, bakora ameiacha chini, na kila kidato alikihesabu kwa sauti. Vilikwisha kwenye 19.

"Korija pungufu," akasema.

Jirani alifungua mlango, akashangaa, akasema, "Karibu, shosho," na shangazi akamuuliza shosho ndiyo nini. Akampa sahani. Hakungoja kukaribishwa mara ya pili. Alipita moja kwa moja hadi roshani akashika mbao zake. Ilikuwa kama saa nne ya asubuhi. Bahari yote ilikuwa mbele yake, Manda ng'ambo, mashua ya Mokowe inaingia. Akaangalia kidogo, akafunika macho kwa mkono.

"Kumbe huku yuu kuna jua namna hii," akasema. "Nishushani."